Unaenda kupimwa mapafu? Jiandae hivi

Maswali ni yale yale kila mara. Kinauma? Niende bila kula? Pampu yangu niitumie asubuhi hiyo au niiache? Mbona mwenzangu alipulizishwa mara sita, ina maana mapafu yake yameharibika? Watu wengi hupewa tarehe ya kipimo na karatasi, wakaikunja na kuitia mfukoni, na hakuna anayewaeleza la kufanya hadi wafike mlangoni pa chumba cha vipimo. Ndiyo maana nimeandika yote hapa kwa utaratibu, ili anayekwenda kwa mara ya kwanza awe na pa kuanzia.

Shika jambo moja kabla ya mengine yote. Kipimo hiki hakifanani na kutolewa damu au kupigwa picha ya kifua, ambako unatulia tu na kazi inafanywa na wengine. Hapa mwenye kazi ni wewe. Mashine inaandika pumzi uliyoitoa, basi. Ukipuliza kwa nusu ya nguvu zako itaandika mapafu dhaifu, na daktari atayasoma hivyo hivyo. Majibu ya aina hiyo yanaweza kumtwisha mtu mzima wa afya dawa asizozihitaji kwa miaka, au yakamwambia mwenye pumu kwamba hana tatizo. Kwa hiyo maandalizi si adabu ya kliniki tu, ni sehemu ya kipimo chenyewe.

Umeandikiwa kipimo kipi?

"Vipimo vya mapafu" ni jina la jumla. Soma karatasi yako au mwulize aliyekuandikia, kwa sababu maandalizi yanatofautiana.

Kinachofanywa zaidi ni spirometria: unavuta pumzi hadi mwisho, kisha unaitoa kwa nguvu zako zote hadi iishe. Mashine inasoma hewa ni lita ngapi na imetoka kwa kasi gani. Kifaa cha kwanza cha kazi hii kilielezwa mwaka 1846 na daktari mpasuaji wa London, John Hutchinson, na wazo lenyewe halijabadilika tangu hapo, ingawa mashine za leo ni ndogo na zinachora grafu papo hapo. Mara nyingi spirometria hurudiwa baada ya kupewa dawa ya kufungua njia za hewa, ili kuona kama pumzi itaongezeka.

Vipo pia kipimo cha ujazo wa mapafu, kinachofanyika ndani ya kibanda chenye kuta za kuonea. Kipimo cha gesi, kinachoonyesha gesi inavyovuka kutoka mapafuni kuingia kwenye damu. Kipimo cha naitriki oksaidi, kinachoashiria mwako, yaani uvimbe na wekundu, ndani ya njia za hewa. Na kipimo cha uchokozi, ambacho unavutishwa dawa kidogo kidogo kuona kama njia zako za hewa hubana upesi. Nitaeleza spirometria kwa kina, kisha nitagusa hivi vingine.

Nani aseme kwanza kabla ya kupuliza

Kupuliza kwa nguvu hupandisha shinikizo kifuani, tumboni, machoni, masikioni na kichwani kwa sekunde chache. Kwa watu wengi halina neno. Wewe lakini piga simu kabla ya siku kufika ikiwa:

- umepata shambulio la moyo ndani ya wiki 1 iliyopita, au una shinikizo la damu la juu sana lisilotulia;
- umepasuliwa jicho, sikio la kati au sinasi (matundu yaliyo ndani ya uso kuzunguka pua) ndani ya wiki 1, au ubongo, kifua au tumbo ndani ya wiki 4;
- pafu lako liliwahi kuvuja hewa kifuani hivi karibuni;
- umeambiwa una mshipa wa damu uliovimba ubongoni;
- unakohoa damu, au una kifua kikuu, au una dalili zake na bado hujapimwa;
- una ujauzito wa miezi ya mwisho.

Kuwa kwenye orodha hii si kufungiwa mlango. Daktari atapima faida na hatari, na mara nyingi kinachobadilika ni tarehe tu. Aliyenyamaza ndiye anayejiweka hatarini. Anayekohoa kwa kifua kikuu huwaweka hatarini na wengine, kwa kuwa kipimo hiki humfanya mtu akohoe sana ndani ya chumba kilichofungwa.

Ukishikwa na mafua makali au kikohozi kipya siku chache kabla, omba kuahirisha. Utakachopimwa siku hiyo ni mafua yako.

Vitu vya kuwa navyo

- Dawa zako zote, au orodha yake, pamoja na siku na saa uliyotumia kila moja kwa mara ya mwisho. Hili la saa ndilo watu husahau.
- Pampu yako ya dharura. Hata kama umeambiwa usiitumie, iwe mkononi.
- Majibu ya vipimo vya zamani, hasa yenye grafu. Kama utafanya kipimo cha gesi, beba na majibu ya karibuni ya wingi wa damu.
- Nguo isiyobana kifua wala tumbo.
- Meno bandia, miwani na kifaa cha kusikia kama unavitumia. Utapewa maelekezo ya haraka, na usiposikia vizuri utapuliza vibaya.
- Muda. Spirometria yenye kurudiwa baada ya dawa itakula kama saa nzima. Vipimo vikiwa vingi, zaidi ya hapo.

Hatua kwa hatua

1. Siku kadhaa kabla: uliza kuhusu dawa zako.

Hapa ndipo makosa mengi huanzia, kwa hiyo nitakaa kidogo. Mwulize aliyekuandikia kipimo swali hili: "Mnatafuta kujua nina ugonjwa gani, au mnataka kuona dawa ninazotumia zinanisaidia kiasi gani?" Kama wanatafuta ugonjwa, kwa kawaida utaambiwa usimamishe dawa za kufungua njia za hewa kwa muda. Kama wanafuatilia matibabu, mara nyingi utaambiwa endelea kama kawaida. Watu wawili wenye pampu ya aina moja wanaweza kupewa maagizo yanayopingana, na wote wakawa wameambiwa sawa.

Pale inapotakiwa kusimamisha, muda wa kawaida kabla ya kipimo ni huu:

- salbutamoli: saa 4 hadi 6;
- ipratropiamu: saa 12;
- formoteroli na salmeteroli: saa 24;
- indakateroli, vilanteroli na olodateroli: saa 36;
- tiotropiamu na jamii yake: saa 36 hadi 48.

Hesabu ukirudi nyuma kutoka muda wa miadi. Tuseme unapimwa saa 4 asubuhi. Salbutamoli ya mwisho iwe kabla ya saa 10 alfajiri. Formoteroli ya mwisho iwe jana yake, kabla ya saa 4 asubuhi. Maana yake dozi ya jana jioni na ya leo asubuhi zote unaziruka. Wengi huruka ya asubuhi pekee wakidhani imetosha.

Dawa ya steroidi ya kuvuta, ikiwa iko peke yake, haisimamishwi kwa ajili ya spirometria. Tatizo ni kwamba pampu nyingi ni mseto, steroidi na dawa ya kufungua zikiwa kwenye kopo moja. Soma majina yote mawili kwenye kopo, au lionyeshe kopo lenyewe kwa mfamasia.

Onyo: usisimamishe dawa yoyote kwa kusoma hapa tu, pata neno la anayekutibu. Na ukibanwa kifua usiku au asubuhi ya kipimo, tumia pampu yako. Usivumilie. Ukifika, sema umetumia saa ngapi. Kipimo kinaweza kufanywa siku nyingine, na wala hakuna atakayekulaumu.

2. Siku moja kabla.

Pombe au kilevi chochote kisiwe mwilini ndani ya saa 8 kabla ya kipimo. Sigara, shisha na sigara za kielektroniki, angalau saa 1 kabla ya spirometria. Kama una kipimo cha gesi, usivute kabisa siku hiyo tangu unapoamka: moshi huingiza kaboni monoksaidi kwenye damu, na gesi hiyo hiyo ndiyo mashine inayoitumia kukupima.

Kuficha sigara hakumsaidii mtu. Ukiwa umevuta, mwambie mpimaji umevuta saa ngapi, ataandika pembeni ya majibu.

3. Asubuhi ya siku yenyewe.

Hiki si kipimo cha kufunga. Kula, lakini kidogo. Mlo mzito uwe umekwisha angalau saa 2 kabla, kwa kuwa tumbo lililojaa huzuia kiwambo cha kifua (msuli wa kupumulia ulio chini ya mapafu) kushuka, na kukohoa kwa nguvu kunaweza kukutapisha. Usifanye mazoezi mazito ndani ya saa 1 kabla. Kwa wenye pumu, mazoezi pekee yanatosha kubana njia za hewa. Ukipanda ngazi nyingi au ukikimbilia miadi, kaa upumzike hadi moyo utulie ndipo uingie.

Nenda chooni kabla ya kuitwa. Nalisema waziwazi kwa sababu watu wanalionea haya: kupuliza kwa nguvu kunaweza kuvujisha mkojo, hasa kwa akina mama waliozaa na kwa wazee, na anayeogopa kuvuja hupuliza kwa kujibana. Vaa pedi kama unajijua, na kama jambo hilo linakusumbua mwambie mpimaji. Amelisikia kwa wengi.

4. Vipimo vya mwili.

Utapimwa urefu bila viatu, na uzito. Utaulizwa umri na jinsia. Kutokana na urefu, umri na jinsia, mashine inakadiria mapafu ya mtu kama wewe yanapaswa kutoa hewa kiasi gani. Usitaje urefu kwa kukisia. Sentimita chache zinaweza kuhamisha majibu kutoka "chini ya kawaida" hadi "kawaida". Kama huwezi kusimama wima, au mgongo umepinda, waombe wapime upana wa mikono iliyonyooshwa na watumie huo.

Kuna jambo hapa linalowahusu hasa wasomaji weusi. Kwa miaka mingi mashine nyingi ziliuliza asili ya mtu, zikashusha kiwango kinachotarajiwa kwa watu weusi, hivi kwamba pafu lililodhoofika liliweza kusomwa kuwa la kawaida. Mwaka 2022 ulitoka mlinganyo mmoja wa watu wote, yaani hesabu moja ya kukadiria kiwango, unaoitwa GLI Global, na mwaka 2023 American Thoracic Society, chama cha wataalamu wa mapafu cha Marekani, ikapendekeza utumike badala ya ile iliyotenganisha watu kwa asili. Una haki ya kuuliza mashine yao inatumia upi. Ukilinganisha majibu ya sasa na ya zamani, hakikisha mlinganyo ni mmoja. La sivyo linganisha lita, usilinganishe asilimia.

5. Kaa vizuri.

Kiti kisiwe cha magurudumu, na kiwe na mikono. Mgongo wima, nyayo zote mbili sakafuni, miguu isikunjwe nne. Legeza mkanda. Kidevu kiinue kidogo. Utabanwa pua kwa kibanio laini. Kinaudhi kidogo lakini hakiumi, na bila hicho hewa inaweza kutorokea puani.

6. Funga midomo kwenye mrija.

Mrija uingie kati ya meno, ulimi ukae chini yake, midomo iuzunguke pasipo mwanya hata mmoja. Meno bandia yaliyokaa imara yaache mdomoni, kwani yanasaidia midomo kushika. Yanayocheza yatoe.

7. Vuta pumzi hadi isipoingia tena.

Vuta haraka na kwa kina. Unapodhani umejaa, ongeza kidogo. Usikae nayo, ukishajaa, puliza ndani ya sekunde 2.

8. Lipua.

Hatua hii huamua yote. Watu wengi hupuliza kama wanaozima mshumaa: mashavu yamejaa, midomo imebana, hewa inatoka taratibu. Hivyo sivyo. Nguvu itoke kifuani na tumboni, kwa ghafla, bila kuanza polepole. Mashavu yasivimbe. Kama sekunde ya kwanza haikukuchosha, hukulipua.

9. Endelea kutoa, usiache.

Sehemu kubwa ya hewa hutoka mwanzoni, na baada ya hapo utahisi huna kitu. Bado kipo. Mpimaji atakupazia sauti, "Toa, toa, bado, bado, malizia!" Hakugombezi, anaangalia mchoro kwenye skrini na anaona hewa bado inatiririka, ingawa wewe huihisi. Acha pale tu atakapokwambia, au ukihisi kuzimia. Mwenye njia za hewa zilizobana anaweza kuhitaji sekunde nyingi, lakini hata yeye hapaswi kuvuka 15. Usiinamie mbele, na usivute pumzi ya katikati.

10. Vuta tena kwa nguvu.

Kwenye mashine nyingi za sasa, ukimaliza kutoa unatakiwa uvute pumzi moja ya kasi mdomo ukiwa bado kwenye mrija. Ndipo uachie.

11. Pumzika, kisha rudia.

Yanatakiwa majaribio yasiyopungua 3 yaliyo sawasawa, na mtu mzima anaweza kufika 8. Mawili bora yanapaswa kukaribiana ndani ya lita 0.15. Kwa hiyo kurudishwa kupuliza mara nyingi hakumaanishi mapafu mabovu. Mpimaji anahakikisha kwamba nambari utakayoondoka nayo ni yako kweli, si ya bahati. Ukichoka, mwombe dakika moja au mbili, hutakiwi kukimbizana.

12. Dawa, kusubiri, na kurudia.

Kama kuna sehemu ya pili, utavutishwa salbutamoli, kwa kawaida mikupuo 4 ya maikrogramu 100, mmoja baada ya mwingine kupitia chupa ya kuvutia dawa. Utasubiri kama dakika 15 kisha upulize tena vile vile. Mikono inaweza kutetemeka na moyo kwenda mbio kidogo. Hupita. Kosa la hapa ni kulegea: mtu ameshachoka, anapuliza ovyo, na inaonekana dawa haikumsaidia.

Vipimo vingine, kwa ufupi

*Kibandani.* Utapumua kawaida, kisha mrija utajifunga kwa sekunde 2 au 3 na utaambiwa uhemeheme taratibu ukiwa umeshika mashavu kwa viganja. Utahisi kama pumzi imegonga ukuta. Usiogope wala usishindane nayo. Kipimo hiki ndicho pekee kati ya nilivyotaja kinachoonyesha vizuri hewa inayobaki mapafuni baada ya kutoa yote; spirometria haiwezi kuiona hewa isiyotoka.

*Gesi.* Unatoa pumzi yote, unavuta haraka mchanganyiko wenye kaboni monoksaidi kidogo sana, unaishikilia kwa sekunde 10, kisha unaachia. Kiasi hicho hakidhuru. Upungufu wa damu hushusha majibu hata mapafu yakiwa mazima, ndiyo maana nikakwambia ubebe majibu ya damu. Kati ya jaribio na jaribio lazima kusubiri angalau dakika 4.

*Naitriki oksaidi.* Hapa ni kinyume cha spirometria: unapuliza polepole na kwa usawa kwa sekunde kama 10. Kifanyike kabla ya spirometria, na usile, usinywe wala usivute sigara saa 1 kabla. Mboga za majani na viazi vyekundu vya bitiruti vinaweza kupandisha majibu, viache siku hiyo.

*Uchokozi.* Dawa inayotumika sana ni methakolini, na jibu huhesabiwa chanya pumzi ya sekunde ya kwanza ikishuka kwa asilimia 20. Utabanwa kifua kidogo, kisha utapewa dawa ya kufungua na hutaruhusiwa kuondoka hadi pumzi irudi. Masharti ya kusimamisha dawa hapa ni makali zaidi; yafuate kama yalivyoandikwa na kliniki yako.

Kusoma karatasi ya majibu

Kazi ya kuamua ugonjwa ni ya daktari, lakini ukijua nambari tatu utaweza kumwuliza maswali ya maana. FVC ni hewa yote uliyoitoa. FEV1 ni ile iliyotoka ndani ya sekunde ya kwanza. Ya tatu ni uwiano, FEV1 ikigawanywa kwa FVC.

Chukua mfano. FVC lita 3.20, FEV1 lita 2.00, na FEV1 iliyotarajiwa ni lita 3.00. Uwiano ni 0.63: hewa inachelewa kutoka, kuna kubana. Baada ya dawa FEV1 imepanda hadi 2.35 na FVC hadi 3.30, uwiano sasa ni 0.71. Kwa kanuni ya zamani, ongezeko lilipaswa kufika asilimia 12 na mililita 200. Hapa ni asilimia 17.5 na mililita 350. Kwa kanuni ya mwaka 2021, ongezeko linapimwa dhidi ya kiwango kilichotarajiwa na linapaswa kuvuka asilimia 10. Hapa ni 350 kati ya 3,000, karibu asilimia 12. Kwa zote mbili, dawa imefungua njia, na daktari atafikiria pumu.

Uwiano ukibaki chini ya 0.70 hata baada ya dawa, kwa mtu mwenye dalili na aliyevuta moshi au vumbi kwa miaka, daktari atafikiria ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa, unaoandikwa COPD. Kikomo hicho cha 0.70 kina udhaifu: uwiano hushuka kwa umri, hivyo kinaweza kumnasa mzee asiye mgonjwa na kumwacha kijana aliye mgonjwa. Ndiyo sababu majibu mengi sasa yana safu ya alama z, inayoonyesha uko mbali kiasi gani na wastani wa watu kama wewe, na chini ya −1.64 ndiko huhesabiwa chini ya kawaida.

FVC ikiwa chini huku uwiano ni mzuri, huenda mapafu yamepungua ujazo, na huenda hukumaliza kutoa hewa. Spirometria peke yake haiwezi kukata shauri hapo. Kibanda ndicho kinachoamua. Na majibu mazuri hayafuti pumu. Pumu huja na kuondoka, na siku ya kipimo inaweza kuwa imelala.

Tafuta pia herufi ya ubora, A hadi F. A ina maana majaribio yalikuwa mazuri na yalikaribiana. Ukiona F, hakuna jaribio lililofaa. Usikubali kuanzishiwa dawa ya miaka kwa karatasi hiyo bila kuuliza kama kipimo kitarudiwa.

Mambo yakikwama

*Kizunguzungu au giza machoni.* Acha kupuliza, pumua kawaida, kaa. Ni jambo la kawaida na hupita ndani ya dakika moja. Kisiponyamaza, au kifua kikiuma, kipimo kinasimamishwa.

*Kikohozi katikati ya kupuliza.* Kikija ndani ya sekunde ya kwanza, jaribio hilo limeharibika, litarudiwa. Kunywa maji kidogo kati ya majaribio.

*"Umeanza polepole."* Mashine imeona umesita. Usisubiri amri ukiwa umejaa pumzi; jaza na ulipue kwa mwendo mmoja.

*Nambari zinashuka kila ukirudia.* Kwa baadhi ya wenye pumu, kupuliza kwenyewe hubana njia za hewa. Mwambie mpimaji ukihisi kifua kinakaza. Atapunguza majaribio, na kushuka huko pia ni habari kwa daktari.

*Hofu ya kufungiwa kibandani.* Sema kabla mlango haujafungwa. Unaonekana muda wote, na mlango hufunguliwa mara tu unapoomba.

*Mtoto.* Wengi huweza kuanzia miaka 5 au 6. Kwa mtoto mchezo wa mishumaa kwenye skrini husaidia, ila mfundishe nyumbani kuvuta pumzi kubwa kwanza, kisha kuitoa yote bila kuacha. Usimkaripie akikosea. Mtoto aliyeanza kulia hawezi kupimwa siku hiyo.

*Hofu ya kuambukizwa.* Kila mtu anapaswa kupata mrija au kichujio kipya. Omba kifunguliwe mbele yako.

*Umepewa karatasi yenye nambari tu.* Omba nakala yenye michoro na majaribio yote, pamoja na jina la mlinganyo uliotumika. Kabla hujatoka uliza pia urudie dawa zako lini. Kwa wengi jibu ni saa hiyo hiyo, ila usianze dozi mbili kufidia uliyoruka.